Kichwa Kisicho na Pua

Bohumil Škrabal alianza kukasirika saa mbili asubuhi, na saa kumi jioni alikuwa bado hajamaliza.

Hilo peke yake halikumshangaza mtu pale Zálesice. Bohouš, kama tunavyomwita, au Bohouši tukimwita uso kwa uso, ni mpanga mabehewa wa yadi yetu kwa mwaka wa thelathini na nne. Ana shingo ya fahali, viganja vilivyojaa makovu ya chuma, na hasira anayotembea nayo kama wengine wanavyotembea na mbwa wao. Hutukana mvua. Hutukana ndoano za mabehewa, ratiba, supu ya moto na supu ya baridi. Tumeizoea sauti yake kama tulivyozoea mlio wa bafa, zile ngao za chuma za mbele na nyuma ya mabehewa, zikigongana. Lakini hasira ya Jumamosi ile ya mwezi wa kumi na moja ilikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilikuwa imesimama njia namba tatu, njano tupu, ikinguruma taratibu, na wapenzi wa reli wa wilaya nzima wakiipiga picha huku wakicheka.

Kilikuwa kichwa kipya cha treni, cha dizeli, cha kupangia mabehewa, cha kwanza cha aina yake nchini. Nami nitasema kweli: si kizuri. Vichwa vya kazi hiyo tunavijua sura yake. Kuna chumba cha dereva, na mbele yake pua ndefu pana inayofunika injini. Hiki pua yake imekatwa. Inateremka kwa mshazari kama kipande cha jibini, tena nyembamba, imebanwa mbavu pande zote mbili, na nyuma yake chumba cha dereva kimesimama juu kama kioski cha magazeti, vioo vikianzia kwenye magoti ya dereva na kuishia juu ya utosi wake. Ukikitazama kwa mbali unadhani mafundi walikwenda kula chakula cha mchana wakasahau kurudi.

"Friji imepanda skuta," alisema mmoja.

"Mama yangu! Na wamelipwa kwa kuchora hiki?"

"Hakikuchorwa, kilianguka."

Bohouš alikuwa chini, pembeni mwa kichwa hicho, amevaa koti lake la rangi ya chungwa, akingoja kuunganisha behewa la nafaka. Alikuwa anasikia kila neno. Juu yake, Radka Vojtíšková, dereva wa zamu, alitoa kichwa dirishani.

"Achana nao, Bohouši. Njoo tufanye kazi. Nakuona mpaka kamba za viatu."

Pengine angeachana nao. Lakini jua la asubuhi lilikuwa limetoka chini ya wingu, lile jua la chini la mwezi wa kumi na moja ambalo mpiga picha humwacha mkewe kitandani kwa ajili yake, na Ctirad Pešek, mfamasia wetu, mwanachama wa chama chetu, aliinua mkono kutoka kwenye safu ya kamera.

"Mzee wa koti la chungwa! Sogea kidogo. Unatuharibia picha!"

Bohouš aligeuka polepole sana.

"Sema tena."

"Aa, ni wewe, Bohouši? Nimesema sogea tu, hatua mbili, upande wa pili. Dakika moja."

"Sisogei."

"Bohouši, jua linapotea."

"Lipotee. Lizame lisirudi. Sisogei leo, sisogei kesho, mkitaka picha isiyo na mtu kapigeni makaburini!"

Akakunja mikono kifuani, akaegemeza mgongo kwenye ngazi ya kile kichwa cha njano, akasimama. Alisimama dakika arobaini. Radka alizima injini, akanywa chai. Behewa la nafaka lilingoja. Jua lilipanda, likawa jeupe, halifai tena, na watu ishirini na kitu walirudi kwenye magari yao wakilaani wazee wenye vichwa vigumu. Nilikuwa mmoja wao. Sikulaani, lakini nami nilifunga kamera yangu bila kusema neno, na hilo nalo lina hesabu yake.

*

Katika nchi yetu kichwa cha treni hakiishi kwa namba peke yake. Namba hutoka ofisini. Jina hutoka kwa watu. Kuna kimoja tunakiita Miwani, kwa sababu vioo vyake vimeinama kama miwani ya mwalimu mkali. Kuna Kofia Nyekundu. Kuna kimoja kina jina la mwigizaji wa sinema, mwanamke, kwa ajili ya kifua chake. Na kwetu Zálesice kulikuwa na Shangazi, kichwa cha kupangia mabehewa, cha kijani, chenye pua ndefu ya mviringo na mwendo wa mwanamke mnene anayekwenda kanisani. Shangazi sasa yumo kwenye banda la chama chetu, tunampaka mafuta kila mwezi. Jina likishanata halibanduki. Waziri hawezi kulibandua. Hata kiwanda mwishowe husalimu amri na kulichapa kwenye fulana.

Desturi ni kwamba yadi ya kwanza kupokea kichwa kipya ndiyo yenye haki ya kukipa jina. Chama chetu cha wapenzi wa reli hukutana Jumamosi iliyo karibu na sikukuu ya Mtakatifu Martin, kwenye baa ya stesheni. Tunakula bata bukini kwa kabichi nyekundu. Kisha kila mwanachama huchukua kigae kimoja cha karatasi, vile vinavyowekwa chini ya glasi za bia, huandika jina nyuma yake, na kukitumbukiza kwenye kofia nyekundu ya mkuu wa stesheni wa mwisho tuliyekuwa naye. Mimi ndiye katibu. Jina lililoshinda naliandika kwenye daftari, na kutoka daftarini linaingia kwenye jarida letu, na kutoka jaridani linakwenda nchi nzima.

Mwaka huo mkutano uliangukia Jumamosi ile ile, na kila mtu alijua litakaloshinda. Kwa wiki tatu lilikuwa limezagaa mtandaoni, Ctirad alikuwa amelitunga mwenyewe na alitembea nalo kama mtu aliyepata mtoto: Jeneza la Kioo.

Bohouš alitaka jambo moja tu duniani, na aliniambia mchana huo mlangoni mwa baa, amenishika kifundo cha mkono mpaka kikauma.

"Hilo jina lisiingie kwenye daftari lako."

"Siyo daftari langu. Ni kura."

"Wewe una kalamu. Mwenye kalamu asijifanye hana mikono."

"Kwa nini linakuuma hivi? Ni mzaha."

Alinitazama kama anayepima behewa kama litapita chini ya daraja.

"Drahomíra ndiye atakayetuletea sahani," akasema. "Umefikiria hilo, msomi? Atapita katikati yetu na sahani, nasi tunapiga kelele jeneza, jeneza."

Sikuwa nimefikiria.

*

Drahomíra Hůlková ndiye anayeendesha baa ya stesheni. Ni mjane. Mumewe, Zbyněk Hůlka, alikuwa mpanga mabehewa mwenzake Bohouš. Walifanya kazi jozi kwa miaka kumi na minne, mmoja mbele mmoja nyuma, wakasemezana kwa ishara za mikono mpaka hata kwenye harusi waliitana kwa ishara. Zbyněk alikufa miaka kumi na tisa iliyopita, siku ya maadhimisho ya yadi yetu, saa nne asubuhi, jua likiwaka, mbele ya watu thelathini wenye kamera. Shangazi ndiye aliyemuua.

Tulijua ilivyokuwa, au tulisema tunajua. Shangazi alikuwa avute mabehewa matatu ya kale mbele yetu, tupige picha. Pua ya Shangazi ilikuwa pana, na dereva aliketi upande wa kulia. Upande wa kulia aliona, upande wa kushoto hakuona kitu isipokuwa chuma cha kijani. Ndiyo maana kanuni ilisema mpanga mabehewa asimame kulia daima, upande wa dereva. Siku hiyo Zbyněk alikuwa kulia. Kisha akavuka kwenda kushoto, akapanda ngazi ya mbele upande usioonekana. Dereva alimwona akiondoka, akaona mikono yetu ikimpungia aje, akadhani njia ni nyeupe. Akasogeza. Kwenye njia ya kushoto, pale reli zinapokaribiana, palikuwa na behewa limesimamishwa karibu mno, naye akabanwa katikati.

Ripoti ya uchunguzi ilikuwa ya kurasa mbili. Ilisema marehemu alikiuka kanuni. Jarida letu lilinukuu sentensi hiyo, kwa masikitiko, kwa herufi za mlazo.

Na picha moja ya siku hiyo ilitundikwa. Wakati ule tulitumia filamu bado, na Bohouš, ambaye alikuwa mapumzikoni siku hiyo na alikuwa mpiga picha mzuri kuliko sisi sote, alikuwa amempa mwenyekiti filamu yake asafishe, kama siku zote, kabla hajajua atakachokikuta upande wa pili wa Shangazi. Mwenyekiti aliisafisha wiki kadhaa baadaye, akaona mwanga ule, akashindwa kujizuia. Akaikuza, akaitia fremu. Shangazi peke yake, amejaa jua kama tunda, hakuna waya, hakuna mtu, hakuna kivuli. Chini yake, kwa maandishi madogo: B. Škrabal. Imetundikwa juu ya meza yetu kubwa tangu hapo. Bohouš aliuza kamera mwezi huohuo na hakuwahi kukaa upande wa meza unaoitazama.

*

Bata bukini aliliwa. Lubor Tesárek, mwenyekiti wetu, mhandisi mstaafu wa madaraja mwenye masharubu yaliyochongwa kwa rula, aligonga kengele.

"Ndugu wanachama. Ajenda ya sita. Jina."

"Jeneza!" walipaza sauti watu wanne.

"Jeneza la Kioo," alisahihisha Ctirad. "Tafadhali, tuheshimu ushairi."

Vicheko. Drahomíra alikuwa jikoni. Mlango ulikuwa wazi, mvuke ulitoka.

"Mfamasia," alisema Bohouš. Hakupaza sauti, na hapo ndipo ningepaswa kuogopa. "Umewahi kusimama kati ya bafa?"

"Mimi nasimama nyuma ya kaunta, Bohouši. Si sote tumeumbwa mashujaa."

"Sikuuliza ushujaa. Umesimama au hujasimama?"

"Sijasimama."

"Basi funga mdomo wako, uuze dawa ya kikohozi."

"Bohouši, bwana," Tesárek aliingilia, ameinua kiganja kama trafiki. "Tuelewane. Hapa tunajadili sura. Hakuna anayebisha kwamba kile kitu kinafanya kazi. Choo nacho kinafanya kazi." Wakacheka tena, naye akapata moto. "Lakini uzuri ni uzuri! Tazameni." Akaelekeza uma wake ukutani, kwenye picha. "Tazameni mstari huo unavyoshuka kutoka chumba cha dereva. Waliomchora Shangazi walikuwa na macho."

"Walikuwa na macho," alisema Bohouš. "Wakayang'oa ya dereva."

Mtu akakohoa.

"Mnajua nani alikichora kile cha njano?" akaendelea. "Semeni basi, nyinyi mnaojua namba ya kila skrubu."

"Kompyuta," alisema Ctirad.

"Mimi."

Tulimtazama. Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Miaka sita iliyopita kiwanda kilituma vijana wawili, wanazunguka yadi zote, wanauliza tunataka nini. Madereva wakasema kiti chenye joto. Mahali pa kuweka kikombe. Walipofika kwangu nikawaambia, kateni pua. Wakasema, mzee, injini itakaa wapi? Nikasema hiyo ni shida yenu, mlisoma. Nikachukua karatasi ya mabehewa nikawachorea nyuma yake. Kata hapa, kata hapa, shusha kioo mpaka magotini. Nataka nikisimama kona yoyote, kulia au kushoto, nimwone dereva macho, naye anione viatu. Wakacheka, wakaichukua. Na wamefanya! Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mtu mwenye tai amenisikiliza akafanya!"

Kungekuwa na haki duniani, hapo tungenyamaza. Lakini sisi ni watu wa mzaha, mzaha ndio koti letu la mvua, na Ctirad aliinua glasi.

"Basi tumempata mshtakiwa! Waungwana, mchonga jeneza tunaye mezani!"

Na tulicheka. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Watu wazima kumi na watatu, wenye wajukuu, tulicheka.

Bohouš aliinuka. Kiti kilianguka nyuma yake. Alikwenda ukutani, akaing'oa ile picha na msumari wake, vumbi la chokaa likamwagika kwenye mabega yake, akaja akaibamiza mezani katikati ya mifupa ya bata. Kioo kilipasuka kutoka pembe hadi pembe.

"Hesabuni vidole."

"Umerukwa na akili?" Tesárek alisimama. "Hiyo ni mali ya chama!"

"Hesabu vidole, Mhandisi! Hapo! Kona ya kushoto, kwenye bomba la kushikia. Mnachokiita kitambaa!"

Tuliinama. Miaka kumi na tisa tulikuwa tumeiona alama hiyo. Ilikuwa ndogo, ya kijivu, imezunguka bomba la ngazi ya mbali, ile iliyojificha nyuma ya pua. Tesárek mwenyewe alikuwa ameandika kwenye jarida kwamba ni kitambaa kilichosahauliwa na fundi, na kwamba ndiyo dosari pekee ya picha ile. Sasa nilihesabu. Kimoja, viwili, vitatu, vinne. Glovu.

"Yumo," alisema Bohouš. "Mmekula bata chini yake miaka kumi na tisa. Yumo humo, ameinama nyuma ya pua ili kofia yake isionekane. Ameinama kwa ajili yetu! Ili picha iwe safi!"

"Bohouši," alisema Tesárek polepole, "uchunguzi ulisema alivuka kwa hiari yake."

"Kwa hiari yake." Alicheka kicheko kibaya. "Nilimwambia mimi. Mimi! 'Zbyněk, toka kwenye picha, unanichafulia Shangazi.' Akanitolea ulimi. Akavuka. Ningekuwa kazini ningemvunja mguu kabla hajakanyaga upande ule, kanuni hiyo nilimfundisha mimi. Lakini sikuwa kazini, nilikuwa na kamera, na mtu mwenye kamera haoni mtu, anaona uchafu! Walipokuja na karatasi zao za uchunguzi nikasema sikusikia kitu. Wakaandika alikiuka kanuni. Nikaacha wakaandika."

Nilitazama kabichi yangu. Niseme na hili, kwa kuwa nina kalamu na sitaki kujifanya sina mikono. Nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma yake siku ile. Nilisikia alivyomwambia. Tulisikia wengi. Nami nakumbuka nilichohisi Zbyněk alipovuka na koti lake la chungwa likatoweka: nilishukuru. Nilipiga picha nne. Ziko nyumbani, kwenye sanduku. Kila mmoja wetu wa zamani anayo picha hiyo hiyo, safi, nzuri, na kila mmoja aliwaambia wachunguzi hakusikia kitu.

"Umemaliza?"

Alikuwa Drahomíra. Alisimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la vitumbua vya unga vya kuchemsha, mvuke ukimpanda usoni. Alikuja, akaliweka sinia mezani, akasukuma mifupa kando, akaigeuza picha imtazame yeye.

"Drahomíra," alisema Bohouš.

"Leo niite Bibi Hůlková."

"Bibi Hůlková. Mimi—"

"Unadhani sikuijua glovu hii? Niliishona kidole cha shahada kwa uzi wa kijani, mweusi ulikuwa umeisha. Kwenye picha hauonekani. Mimi nauona." Alipitisha kidole juu ya ufa wa kioo. "Na jina lako limeandikwa hapo chini. Anayetaka picha isiyo na mtu ndiye anayemwondoa mtu. Sikuhitaji mchunguzi. Kila Jumatatu naifuta vumbi. Kila jioni nakuwekea bia, nasema moyoni, leo atasema. Hukusema. Ulimkaripia mfamasia, ukakaripia mbwa, ukakaripia mvua. Nikasema, haya, huyu atakufa na makelele yake yote, na hilo moja hatalitamka."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize?" Hapo ndipo alipopaza sauti, na sijawahi kuisikia kabla wala baada. "Mume wangu alizikwa na karatasi inayosema alikuwa mzembe! Mwanangu amekua akisomewa karatasi hiyo! Na mimi ndiye nije nikuulize, huku nimeshika bia yako?"

Bohouš alisimama na chokaa mabegani, mikono imening'inia.

Drahomíra akamgeukia Tesárek.

"Nawe, Mhandisi. Jarida lenu liliandika alikiuka kanuni. Mtaandika upya. Mtaandika aliambiwa, na nani alimwambia, na wangapi walisikia wakanyamaza. Majina." Kisha akamtazama Ctirad, ambaye glasi yake ilikuwa bado juu, amesahau kuishusha. "Na wewe kijana, jeneza nalijua. La mume wangu lilikuwa la msonobari, lilikuja limeshapigwa misumari, hawakuniruhusu kulifungua. Hicho cha njano kina madirisha pande zote. Sijui ni nini, lakini usiniambie mimi ni jeneza."

Aliichukua picha, fremu, vioo na vyote, akaiweka kwapani, akarudi jikoni. Vitumbua vilibaki mezani vikipoa.

*

Tesárek ni mtu wa kanuni. Nadhani bila kanuni angeanguka chini. Alisema kwamba ajenda ya sita bado haijafungwa, akapitisha ile kofia nyekundu. Bohouš hakupiga kura. Alikuwa amekwenda zake, kofia mkononi, bila koti, kwenye baridi.

Nilihesabu vigae mwenyewe. Kumi na vitatu. Vinane vilikuwa vitupu.

Vitano viliandikwa Jeneza la Kioo.

Watano! Baada ya glovu, baada ya uzi wa kijani, watu watano waliinama, wakakinga kigae kwa kiganja kama watoto wa shule, wakaandika. Mwandiko wao naujua, na si watu wabaya. Mmoja wao huniletea kuni. Lakini jina lilikuwa zuri, lilikuwa la kuchekesha, na mtu akishapata kitu kizuri cha kutazama ni kazi kumwambia kuna mtu nyuma yake. Mpaka leo nikimkuta mmoja wao dukani, hasira hunipanda nikanunua mkate nisioutaka.

Kanuni inataka nusu ya kura. Hapakuwa na nusu. Kwenye daftari, mbele ya namba ya kichwa kile, nilipiga mstari, na mstari huo ni mtupu hadi leo. Tusijidanganye kwamba tulishinda. Nchi nzima inakiita Jeneza la Kioo, kiwanda kimeshatoa fulana, Ctirad anayo moja. Ni Zálesice tu hakina jina. Toleo la majira ya baridi la jarida letu lilitoka na ukurasa ambao Drahomíra aliutaka. Uliandikwa na mimi, na jina langu limo kwenye orodha, la tatu. Wanachama sita walijiuzulu.

Msomaji mmoja aliniuliza kama Drahomíra amemsamehe Bohouš. Nilimuuliza mwenyewe, nikiwa nimekaa kaunta. Alisema niandike hivi: hapana. Bia anampa, kwa sababu baa ni baa. Huiweka pembeni kabisa mwa meza, naye Bohouš huinuka kuifuata. Ukutani pamebaki doa jeupe la mraba na tundu la msumari, na hakuna aliyethubutu kutundika kitu.

Mwezi wa pili nilikwenda yadini asubuhi moja, bila kamera. Theluji ilikuwa imegandia kwenye mataruma. Bohouš alikuwa chini, upande wa kushoto wa kile kichwa cha njano, upande ule, akiinama kuinua mnyororo wa kuungia. Redio kifuani mwake ilikwaruza. Sauti ya Radka ikatoka.

"Nakuona, Bohouši."

"Unaona nini?"

"Nakuona wewe. Mkono mmoja kwenye ndoano, mwingine mgongoni. Na hujafunga kamba ya kiatu cha kulia."

Aliinua uso. Kutoka pale niliposimama, juu ya ile pua iliyokatwa, niliweza kuona macho ya Radka nyuma ya kioo, na bila shaka Bohouš naye aliyaona.

"Basi endelea kuangalia, mjinga wewe!" alinguruma. "Nani amekwambia unyamaze? Sema tena!"

"Nakuona."

"Tena!"

Radka akasema tena. Bohouš aliinama, akafunga kamba ya kiatu taratibu, kisha akaingia kati ya bafa.